Waliomshikia Ndolo

Kwa siku mbili wapiga mbizi walikuwa wamelisaka timbo, na walichotoa ni kiatu kimoja cha mvua, gurudumu la baiskeli na mbuzi aliyekufa kitambo. Ndolo hawakumtoa. Inspekta Soipan Meitamei alisimama ukingoni mwa shimo hilo la mawe, akatazama maji ya kijani, kisha akatazama watu waliojazana ng'ambo kuangalia. Mtu amekaa Kitengela miezi minane bila kutembelewa na yeyote, na sasa kapotea ndio anapata umati. Jambo hilo lilimuudhi kuliko jua lenyewe.

Caroline, dada yake Ndolo, alikuwa ameketi juu ya jiwe, mkoba mapajani. Ndiye aliyepiga ripoti Jumatatu asubuhi, alipotoka Matasia kuja kumtafuta kakake.

"Afande," alisema, "mkimpata humu, nifunikeni macho kwanza. Nataka kumkumbuka vile alikuwa."

"Bado hatujampata."

"Lakini mnadhani yuko humu."

Meitamei aligeukia tena maji. Aliyedhani ni mkubwa wake kituoni, na alikuwa na sababu zake. Wote wa nyumba ile walisema Ndolo alikuwa kazini hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Mlinzi wa ploti ya jirani alisikia kitu kikitumbukia majini karibu saa moja. Ukiunganisha hayo mawili, unaleta wapiga mbizi. Ila mlinzi huyohuyo alikuwa ameapa kwamba alisikia simba mwezi wa tano, na Meitamei alikuwa ameanza kuchoka na masikio yake. Aliwaacha wapiga mbizi na kamba zao, akashika njia ya vumbi kurudi kwenye nyumba.

Nyumba iliitwa Enkaji, yaani "nyumba" kwa Kimaasai. Mwenyewe, Lemein Sironka, aliijenga kwenye kipande cha ardhi kilichobaki baada ya babake kuuza kingine chote. Kijana huyo aliwahi kwenda pwani, kwenye mji mdogo ambako wageni hupanda mawimbi asubuhi, na mchana hukaa nyumba moja na kompyuta zao, wakifanyia kazi kampuni zilizo mbali na kula meza moja kwa vicheko. Alirudi na wazo zima, bahari ikabaki huko. Ukuta wa mbele aliuchora wimbi kubwa la buluu, ambalo malori ya mawe yalikuwa yamelifanya la kijivu. Sebuleni alitundika ubao halisi wa kupandia mawimbi, na kila fundi aliyeingia humo aliudhania ubao wa kupigia pasi.

Intaneti ilikuwa ya kasi, umeme wa jua haukukatika, mpishi alikuja kila asubuhi. Meza ya kulia ilikuwa na viti vinane. Meitamei alikuwa amevikagua jana: vitano bado vilikuwa na plastiki za dukani.

"Takwenya, yeiyo," Lemein alimwamkia langoni, kwa heshima anayopewa mama.

"Iko," aliitikia kwa Kimaasai. "Nifungulie kile chumba tena."

"Lakini jana polisi waliandika kila kitu."

"Waliandika. Mimi nataka kuangalia."

Chumba cha Ndolo kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, meza chini ya dirisha, kompyuta ya mapajani iliyoachwa wazi, na simu kwenye chaja. Konstebo wa jana alikuwa ameorodhesha "simu moja, nyeusi" akaendelea na safari yake. Meitamei alivaa glavu, akaigusa kioo. Ilikuwa imefungwa, lakini ujumbe ulionekana kwa juu, mmoja chini ya mwingine, na karibu wote ni wa Caroline. Alishuka nao hadi wa kwanza wa Caroline. *Umekula?* Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni.

Jumatano. Leo ilikuwa Jumanne.

"Huyu alikuwa anapuuza dadake?" aliuliza.

"Akiwa kazini hashiki simu. Akimaliza anajibu."

"Siku sita, hajamaliza?"

Lemein alikuna shingo. Meitamei aliinamia kompyuta, akapitisha kidole kimoja juu ya vitufe. Kidole kikatoka cheupe, na nyuma yake ukabaki mstari mweusi, safi. Aligeukia dirisha.

"Hili dirisha linafungika?"

"Halifungiki vizuri. Lori zikipita huko timbo, vumbi inaingia tu. Lazima upanguse kila siku."

"Pale koridoni, mpishi alipangusa lini mara ya mwisho?"

"Jumapili asubuhi, kabla aende kanisa."

Meitamei alitoka koridoni, akapitisha kidole kingine kwenye ukingo wa dirisha, akarudi akivilinganisha vidole viwili mwangani. Cha koridoni kilikuwa na weupe hafifu, wa kupuliza ukatoka. Cha kompyuta ungedhani kimechovywa ungani.

"Umeniambia Ndolo alifanya kazi hadi Jumapili jioni. Ulijuaje?"

"Naona hapa." Lemein alimwonyesha simu yake. Kulikuwa na orodha ya majina matatu, na kando ya kila jina kidoti, cha kijani kwa aliye kazini na cha kijivu kwa aliyetoka. "Ndolo alikuwa kijani kila siku, saa nne hadi saa kumi na mbili. Ikazima Jumapili jioni, na Jumatatu haikuwaka, dadake akaja."

"Alifanya kazi kwa vidole gani, Lemein? Hivi vitufe havijaguswa karibu wiki."

Kijana alitazama tena simu yake.

"Chakula je?"

"Mpishi anaweka cha kila mtu kwa hotpot, na jina juu. Ya Ndolo ilirudi tupu kila siku, hata Jumapili. Hiyo nakuapia, yeiyo, ndio ilifanya nikae bila wasiwasi."

Meitamei aliguna. Kulikuwa na mtu anayekula chakula cha Ndolo, na kulikuwa na mtu anayefanya kazi ya Ndolo. Aliyekosekana ni Ndolo mwenyewe.

Alianza na Zakariye Elmi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa macho. Zakariye alijibu malalamiko ya wateja wa duka la fanicha huko Australia, kwa hiyo kazi yake ilianza watu wakilala na kuisha saa mbili asubuhi. Alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu anayetukanwa kwa riziki yake.

"Jana uliniambia ulimwona Ndolo Jumapili."

"Nilisema alikuwepo, afande."

"Kwa macho yako?"

"Alikuwa kijani."

"Sikukuuliza rangi. Chakula chake ni nani alikuwa anakula?"

Zakariye aliona haya hadi masikio. "Mimi. Nikitoka kazini naona hotpot yake ya jana imejaa. Nikasema amenunua chakula nje. Kutupa chakula ni haramu, afande, kwetu huwezi. Nilikuwa namaliza naosha."

"Na ukaacha watu wafikiri amekula."

"Hakuna mtu aliniuliza."

Hapo alikuwa mkweli. Katika nyumba hii hakuna aliyeulizwa kitu na yeyote.

"Kazi yake je? Usinidanganye, vumbi limeshanieleza nusu."

Zakariye alimtazama Lemein, kisha akainuka bila kusema, akaenda jikoni akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani yake kulikuwa na majina matatu, na chini ya kila jina anwani ya barua pepe na neno la siri. Juu kabisa mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Ukimshikia mtu, wewe ndiye yeye.*

"Ndolo anajibu barua za wateja, na kampuni haitaki kunyamaza," alieleza. "Ukikaa siku nzima bila kujibu, akaunti inafungwa, na ikifungwa haifunguliwi tena. Ndolo amejenga yake miaka minne. Kwa hivyo mtu akiugua, ama akilala sana, mwenzake anamshikia. Unajibu kwa jina lake, kwa maneno yake. Na hawa watu ni wajanja, wanatuma barua za mtego. Mtu anaandika eti anakutafuta, eti anakujua, kumbe ni kampuni inapima kama ni wewe kweli. Ukisita tu, umemchomea."

"Ulimshikia lini?"

"Alhamisi nilipomaliza yangu, niliona barua zake hazijaguswa na saa nne imefika. Nikajibu hadi saa saba, nikalala. Ijumaa hivyo hivyo, hadi Jumapili. Jumatatu dadake alifika kabla ya saa nne, nikaacha. Wala sikusumbuka sana, maana mchana alikuwa anaendelea mwenyewe. Kila siku nikiingia nakuta kazi ya jana mchana imeisha vizuri."

"Ulimwona akiifanya?"

"Mchana mimi nalala."

Meitamei alifunga daftari polepole. Alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa Jane Makokha.

Jane alinakili rekodi za madaktari wa Marekani, jioni hadi saa nane za usiku, na saa hii ilikuwa ndiyo katikati ya usingizi wake. Alitoka amejifunga leso, macho mekundu, akashtuka kukuta watu watatu kwenye meza ya viti vinane.

"Keti, Jane. Wewe pia ulikuwa ukimshikia Ndolo?"

Jane alimtupia Zakariye jicho la kumlaumu. "Zak, umesema?"

"Amesema. Saa ngapi?"

"Mchana tu, madam. Kutoka saa saba mpaka kumi na mbili, kabla yangu ianze. Sikutaka kudanganya polisi, lakini mkiandika hiyo mahali, kampuni ikijua, amekwisha. Na si ati alikuwa ameacha kazi! Asubuhi alikuwa anafanya mwenyewe. Nikiamka nakuta amejibu kila mtu hadi saa saba, halafu kimya. Nikasema labda ako na homa, anachoka. Nikamsaidia hiyo ya mchana."

Lori lilipita nje, vioo vikatikisika. Zakariye alikuwa amekodoa macho.

"Asubuhi ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Asubuhi ni mimi nilikuwa najibu, Jane. Nilidhani mchana ni yeye."

Jane alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaniwa. Kisha akatazama uso wa Zakariye, akamtazama na inspekta, akaziba mdomo kwa ncha ya leso. Siku nne walikuwa wamepokezana mtu ambaye hayupo, kila mmoja akiona kazi ya mwenzake na kumshukuru Mungu kwamba Ndolo yu hai. Meitamei alikuwa amehoji waongo kwa miaka kumi na saba. Hawa hawakuwa waongo, na hilo lilimhuzunisha zaidi kuliko uongo wowote.

"Sasa mtaniambia kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Nani alimwona Ndolo mara ya mwisho, kwa macho?"

Zakariye alifikiri, akatikisa kichwa. Jane alisema, "Sijui kama mimi nilimwona. Nilimsikia. Jumatano, saa kumi hivi. Jumatano anamaliza mapema. Alipita kwa mlango wangu akasema, 'Jane, natoka kidogo nione watu.' Nilikuwa na spika masikioni. Nikamtumia dole gumba kwa simu."

"Nione watu. Watu gani?"

"Watu tu, madam. Alikuwa anaenda anakaa pale barabarani, kwa kibanda cha chai, anaangalia watu wakipita. Mara moja aliniambia twende. Nikasema wiki ijayo."

Meitamei alikuwa ameshainuka. Kwa siku mbili walikuwa wametafuta mtu aliyepotea Jumapili, kumbe amepotea Jumatano. Alitoka ukumbini, akampigia Konstebo Kivuva kituoni.

"Mlipouliza hospitali jana, mliuliza waliopokelewa kuanzia lini?"

"Jumapili jioni, afande. Si ndio siku alipotea?"

"Anza Jumatano alasiri. Ajali, watu wasiojulikana, kila kitu. Nangoja kwa simu, usikate."

Alisikia kurasa zikifunuliwa, mtu akiitwa, simu nyingine ikipigwa. Mtu aliyeumia Jumatano na akasahauliwa, Jumanne anakuwa katika hali gani?

"Afande, kuna moja. Jumatano, saa kumi na nusu. Mwanamume mtu mzima, amegongwa kwa barabara ya Namanga, upande wa Isinya. Gari haikusimama. Akabebwa na pikapu ya watu wa mbuzi, walikuwa wanaelekea chini, wakamwacha hospitali Kajiado. Hana kitambulisho, hana simu. Hapa imeandikwa 'hajulikani'."

"Yuko hai?"

"Haijaandikwa."

Alimchukua Caroline kule timboni. Alimweleza kwa maneno machache kwamba kuna mtu Kajiado, kwamba huenda ni yeye na huenda siye, na kwamba hajui kama anapumua. Caroline alipanda gari akafunga mkanda. Walipita Isinya. Karibu na mji wa Kajiado Caroline alisema, "Nilikuwa namuuliza kama amekula. Wiki nzima, nauliza kama amekula."

Hospitalini walipokelewa na muuguzi mwembamba wa hijabu nyeupe, Sista Khadra, kalamu tatu mfukoni.

"Yule wa Jumatano," Meitamei alisema. "Aliyegongwa."

"Wa kitanda cha kumi na moja? Yuko. Mguu umevunjika mara mbili na taya imefungwa waya, haongei. Lakini yuko."

Caroline hakungoja kuonyeshwa. Alipita kati ya vitanda akiangalia nyuso, na alipofika cha kumi na moja alitoa sauti ambayo wodi nzima iligeuka kuitazama. Alimshika kakake unyayo wa mguu mzima, maana ndio mahali pekee pasipo na bandeji, akaushikilia. Meitamei aligeukia dirisha. Hakuona haya kwamba machozi yalimlengalenga.

Alipojiweza, alimvuta muuguzi pembeni.

"Sista, siku sita. Hakuna mtu alijaribu kutafuta watu wake?"

Khadra alikasirika, na haki alikuwa nayo. "Tulijaribu, madam! Alhamisi yote alikuwa amezirai. Ijumaa akaamka, nikampa karatasi. Akaandika jina, Ndolo, na anwani ya barua pepe. Nambari ya simu hakukumbuka hata moja, nani siku hizi anakumbuka? Lakini hiyo anwani aliandika bila kusita. Nikaandika hapo hapo kwa simu yangu. Wakajibu."

"Nani alijibu?"

Khadra alifungua simu, akampa. Barua yake ilikuwa fupi: *Habari, niko hospitali Kajiado. Kuna mgonjwa hapa amegongwa na gari, anasema anaitwa Ndolo. Mnamjua? Tafadhali jibuni haraka.* Ilitumwa Ijumaa, saa nane kamili mchana. Jibu lilikuwa chini yake, dakika sita baadaye.

*Habari Khadra, asante kwa kuwasiliana nasi. Mimi ndiye Ndolo. Niko salama na ninaendelea na kazi kama kawaida. Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia leo?*

Meitamei alilisoma mara mbili, kisha akaangalia saa ya barua. Saa nane na dakika sita mchana. Zakariye alikuwa amelala.

"Nilimsomea," Khadra alisema, hasira imemwisha. "Nilidhani kichwa kimeumia, anajiita mtu mwingine. Nikamwambia, 'Ndolo amesema yuko salama, yuko kazini.' Aliniangalia tu. Nikamuuliza, sasa wewe ni nani? Akanirudishia kalamu. Tangu Ijumaa hajaandika kitu tena."

Walirudi kitandani. Ndolo alikuwa mtu mrefu kuliko picha yake, ndevu zimeota ovyo kuzunguka waya. Meitamei alijitambulisha, akamwambia kwamba watu wanamtafuta tangu jana, kwamba kulikuwa na kosa la siku, na kwamba gari lililomgonga atalitafuta yeye mwenyewe. Ndolo alisikiliza. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mfuko wa muuguzi. Khadra akampa kalamu na kipande cha karatasi.

Aliandika kwa shida, ubavuni, akamgeuzia inspekta.

*Nani alinijibia?*

Meitamei angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Alikuwa ameisema sentensi hiyo mara nyingi sana maishani, kwa watu wenye haki ndogo kuliko huyu. Alitazama uso ule uliosomewa kwamba mwenyewe yuko salama mahali pengine, akaona hawezi.

"Ni Jane," alisema. "Alikuwa anakushikia. Lazima alifikiri barua ni mtego wa kampuni, wanakupima. Hakutaka ufungiwe."

Caroline aliinua kichwa ghafla. "Jane ni nani? Huyo Jane ni nani, afande, aseme kakangu yuko salama?"

Ndolo alimwashiria dadake anyamaze. Alifumba macho, na kwa muda Meitamei alidhani amelala, au amekataa kuendelea. Kifua kilipanda, kikashuka. Alipofumbua alivuta tena karatasi, akaandika polepole, akifuta neno moja na kulirudia, kisha akampa.

*Hata mimi ningejibu hivyo hivyo.*

Meitamei aliikunja karatasi, akatoka koridoni kumpigia Jane. Jane alipokea kabla simu haijaita mara mbili, akauliza, "Madam, mmempata?" na inspekta, mwenye miaka kumi na saba ya kutoa habari za kila aina, alimwambia yuko hai, kisha akakunjua ile karatasi amsomee.